Mistari Sitini na Mmoja

Usiku wa Agosti, Nkuhungu. Upepo unasukuma vumbi
chini ya mlango kama barua isiyo na anwani.
Nimefungua programu ya mizani ya zabibu,
ile inayopima makreti kwenye ushirika kule Hombolo.
Keshokutwa mnunuzi anataka nimkabidhi:
"Ifunge, dada Sechelela. Tia nembo yetu. Chanzo kibaki kabatini."

Ningemwitikia. Ila nilipopanda
hadi kichwani mwa kila faili, pale wasipofika wengi,
nikawakuta wenye nyumba.

Wa kwanza, Ndahani wa Kongwa, mkarimu wa maneno sita:
*Chukua, uza, geuza. Usifute jina langu.*
Huyu hana shida. Ni jirani anayekuazima kinu;
utwange uwele, utwange karanga, hayamhusu,
mradi ukiulizwa kinu cha nani, useme.

Wa pili simjui. Jina lake lina herufi ambazo kibodi yangu haina.
Ameacha sharti refu, lenye mifupa:
*kitakachochanganyika na changu, ukimpa mtu,
umpe wazi, kama changu kilivyokufikia.*
Mjomba Chiloleti, kule Mvumi, alikuwa akikabidhiwa ng'ombe wa watu.
Maziwa alikunywa. Samadi alitia shambani.
Ndama alifuata masharti ya mama yake,
na hakuna aliyeuita huo uchoyo.

Nikatafuta mlango wa uani. Je, programu mbili
zikikaa kila moja na mafiga yake, zikitumiana ujumbe tu,
harufu ya chungu hiki ikifikia kile,
huo nao ni mchanganyiko? Wanasheria wanabishana.
Mimi najua nilichofanya: nilimimina unga wa huyu
na unga wa yule kwenye gunia moja, nikatikisa.
Nani atautenga uwele na mtama sasa?

Lakini aliyeninyima usingizi ni wa tatu.
Mlowezi. Chuoni tuligombea soketi moja ya umeme.
Mistari sitini na mmoja, inayosoma mizani inapotikisika,
na juu yake hakuna kitu. Hakuna leseni, hakuna tarehe.
Alinitumia akiwa Manyoni, akaandika tu, "jaribu hii."
Nami miaka minne nikausoma ukimya wake kama ruhusa.

Shamba lisilo na uzio lina mwenyewe.

Nikapiga simu. Haipatikani. Alfajiri, haipatikani.
Ikabidi niifute. Siku tatu niliandika upya bila kuchungulia,
na mizani yangu mpya ikalisoma kreti moja kilo ishirini na mbili,
kisha kumi na tisa, kisha ishirini na tano,
mama Nyemo, mwenye zabibu zake, akinitazama
kama anayemtazama mwizi akijifunza kazi.

Jumamosi Mlowezi akapiga, yuko machimboni Sekenke,
vumbi limemwingia hadi sautini.
"Nilidhani unajua ni yako."
Hukusema.
"Si nilikutumia?"
Kutuma si kusema, Mlowezi.
Kimya. Jogoo wa mtu akawika upande wake.
"Basi itoke wazi, kama ya huyo mgeni wako.
Na jina uandike Mlowezi E. Masima. Usiisahau hiyo E."

Nimeirudisha. Ilikuwa mizuri kuliko yangu.
Kichwani mwa faili majina manne yamepangana
kama ndala nje ya mlango:
ukizihesabu, unajua ndani wako wangapi.

Mnunuzi nimemwandikia. Programu utaipata, na chanzo chake.
Nembo yako bandika kwenye boksi, uza kwa bei uipendayo,
lakini utakayemuuzia, mpe vyote nilivyokupa mimi.

Hajajibu. Pengine hatajibu.
Kreti la mama Nyemo liko juu ya mizani.
Ishirini na mbili.
Nalishusha, nalipandisha.
Ishirini na mbili.